Mashati ya Mzee Ambokile Ukutani

Hapo zamani, si zamani ile ya wanyama kusema, ni zamani ya juzijuzi tu, huko milimani Rungwe ambako Julai meno hugongana yenyewe, mzee Ambokile alifariki akaacha mjane, watoto watatu na sanduku la mashati. Mjane akawaambia watoto, "Kateni mashati ya baba yenu mshone mfarishi, shuka nene la viraka la kujifunika. Yanatosha mmoja tu. Atakayestahili ndiye atakayejifunika."

Wakakata. Wakatandaza vipande sakafuni ili wauone mpango kabla ya kushona. Kuku akapita, vipande vikatawanyika. Wakapanga tena. Upepo ukaingia mlangoni, vikatawanyika. Wakapanga tena. Mjukuu akatambaa juu ya vipande, akaondoka anatafuna ukosi wa babu.

Sekela, binti mkubwa, akasema, "Tupange ukutani." Akaleta blanketi lake la manyoya, nalo lilikuwa hilo hilo moja. Wakakubaliana waligongee misumari ukutani. Kipande cha pamba ukikibandika pale kinang'ang'ania bila pini, ukitaka kukihamisha unakibandua tu. Sekela akawa analala na khanga mbili na kikohozi.

Lakini ukuta gani? Wa jikoni una moshi, wa sebuleni unavuja. Mkavu wenye mwanga ulikuwa mmoja, wa chumbani kwa kaka yao Lusajo. Lusajo akatoa kabati, akatoa kitanda, akashusha hata picha ya harusi, blanketi likagongewa hapo. Mkewe akanuna, na kununa kwake kukasikika kwenye masufuria. Lusajo akahamia stoo, akalala na viazi.

Ikabaki kupanga. Hapo ndipo Tumpe, kitindamimba, alipoanza kuwachosha watu. Anasimama mlangoni, anafumba jicho moja. "Kushoto kumelemewa." Anabandua, anabandika. "Hii bluu inapiga kelele." Anabandua, anabandika. Ugali ukaungua, akaambiwa, akasema ngojeni kidogo.

Halafu asubuhi moja akawaita. Wakaangalia, wakamwona baba yao. Chini kaki za shambani, juu nyeupe za kanisani, na katikati kabisa mfuko wa shati alimokuwa akiwafichia peremende. Walimkumbuka mno. Lusajo alilia bila kujificha.

Walipomaliza kulia wakaanza kugombana.

"Ni wangu," alisema Sekela. "Bila blanketi langu mngekuwa bado mnafukuza kuku. Na sasa limetoboka misumari. Mkininyima, nalishusha." Akashika pembe ya blanketi.

"Shusha tu, dada, lakini ukuta ni wangu," alisema Lusajo. "Nimehama chumba changu, na mke kaninunia juu. Nikinyimwa, narudisha kabati langu hapo sasa hivi."

"Rudisha, kaka," alisema Tumpe. "Blanketi ni blanketi na ukuta ni ukuta. Baba mliyemlilia nimempanga mimi. Mkininyima, nambandua." Akabandua nyeupe ya kwanza.

Mama yao akaingia kwa mwendo wake wa taratibu. Akawatazama wote watatu, mikono yao ikiwa ukutani.

"Basi uwe wako, mama," alisema Sekela kwa aibu.

"Wangu wa nini? Nimelala naye miaka yote ile, tena alikuwa anakoroma. Nimesema ni wa mmoja wenu." Akanyoosha mkono, akabandua ule mfuko wa katikati, akautia kifuani. "Mkishakubaliana, niiteni niurudishe. Hapo ndipo mtashona."

Hadi leo hawajamwita. Sekela anakohoa, Lusajo yuko stoo, Tumpe anasimama mlangoni na jicho moja, na pale katikati ya baba yao pana tundu.

Sasa ninyi mliokaa mkicheka, semeni, na msiniambie wagawane. Aliyetoa joto lake, aliyetoa chumba chake, na aliyetoa jicho lake: je, nani alistahili kulala chini ya mashati ya Ambokile?