Fisi Aonja Pumba Zizini

Zamani sana, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanajenga na kupika kama sisi, Fisi alikuwa na zizi la kunenepeshea maksai. Kila siku aliwamwagia pumba zilizochanganywa na molasi. Lakini zizi lilikuwa dogo, halina kivuli, na matope yaliwafika magotini.

Maksai mmoja, Malunde, alikuwa amesimama hata miguu inatetemeka. Kila akijaribu kulala, tope linamwingia puani.

"Mzee Fisi, nalala wapi?"

"Kulala?" Fisi akaangua kicheko, kwakwakwa! "Hapa ni hoteli, bwana! Chakula kinakufuata mdomoni. Wewe kula tu!"

Nguchiro, kijinyama chenye mbio, alikuwa chini ya uzio na aliyasikia yote. Akamnong'oneza Malunde, "Kesho fungeni midomo nyote. Mengine niachie mimi."

Kulipokucha, hakuna aliyegusa pumba. Fisi akashika kichwa. "Jamani, kuleni! Mtakonda, mniaibishe!"

"Shikamoo, babu," Nguchiro akaita. "Wageni wako wanaogopa sumu. Kwani kwenu mwenyeji haonji kwanza kutoa uchawi?"

"Huonja, tena sana!"

"Basi onja. Humo humo wanamokula, wakuone."

Fisi na ulafi wake hakungoja. Akaacha lango wazi, akaingia, chubwi! Tope la magotini kwa maksai, kwake lilifika tumboni. Akala, akaramba molasi, akala tena, tumbo likajaa ndi! Kugeuka atoke, wapi! Miguu imenasa.

"Uchawi umetoka!" Nguchiro akapaza sauti. "Wageni, karibuni nje!"

Maksai wakajikokota, mmoja nyuma ya mwenzake, hadi kwenye nyasi kavu kilimani.

"Nguchiro we! Nivute!"

"Tulia, babu. Si uko hotelini?"

"Jua linaniunguza! Miguu inaniuma! Nalala wapi mimi?"

Malunde alikwisha kunja magoti nyasini. Akacheua taratibu, akameza, ndipo akajibu:

"Hilo ndilo nililokuuliza, mzee."

Kumshibisha kiumbe huku unamnyima pa kulala si kumtunza. Mola amewapa ng'ombe magoti ili wayakunje; nakwambia wewe, nami najikumbusha. Nakuomba basi, mwanangu: jioni hii, kabla hujaingia ndani, mtandazie ng'ombe wenu majani makavu.