Nyani Alivyopora Upweke wa Pimbi

— Hodi, wenye nyumba!

— Nani huko nje?

— Ngano!

— Ana mizigo gani?

— Ana gunia la uongo na kiganja kimoja cha ukweli!

— Aingie, avue viatu!

Ahsanteni, nimevua. Soksi imetoboka, kidole gumba kimetangulia kuwasalimu, msikitazame sana kitaona haya. Kaeni vizuri. Ngano ya leo nilipewa na mzee mmoja kule Ujiji, mzee wa jicho moja, akanishika mkono, akaniambia, "Shekue mwanangu..."

— Mwaka jana ulisema alikuwa mzee wa Kismayu.

Eti nini?

— Wa Kismayu, tena macho yake yote mawili. Na mwaka juzi alikuwa bibi wa Songea, akakulilia begani mpaka shati likalowa.

Haya, mmesikia wenyewe. Huyo ni Bi Kidawa, mwenye nyumba. Yuko jikoni anapika wali, lakini masikio ameyaacha huku sebuleni pamoja nasi. Nimekamatwa. Hakuna mzee, hakuna bibi, na shati langu halijawahi kulowa. Ngano hii niliikuta haina kwao, nikaionea huruma, nikaitungia kwao. Mtu aliyezurura kama mimi hujifunza hivyo. Kila stendi unayoshuka, swali ni lilelile: "Wewe wa wapi?" Nawe unajibu kufuatana na njaa uliyonayo.

— Simulia basi, wali unakaribia kuiva!

Nasimulia, dada yangu, nasimulia.

Hapo kale palikuwa na Pimbi. Mdogo, wa kijivu, mnene kidogo, mkia hana. Alikaa juu ya jabali peke yake. Si kwamba alizaliwa peke yake. Pimbi huzaliwa katika lundo, hulala katika lundo, hugombana katika lundo. Lakini siku moja huyu alishuka bondeni kutafuta majani mabichi. Majani yakamnogea. Akasema, "Jani moja tu, kisha narudi." Akala jani moja. Akasema, "Jani moja tu, kisha narudi." Akala jingine. Aliporudi juu, lundo lilikuwa limehama. Mwamba walioulalia ulikuwa bado una joto lao.

Tangu hapo, kila jioni jua likielekea kuzama, Pimbi alipanda kileleni akaita:

"Kwaaa! Kwaaa! Kwa-kwa-kwaaa!"

Kisha ananyamaza, anasikiliza. Kimya. Anaingia kwenye ufa wake, anaegemeza mgongo kwenye ukuta wa jiwe, anajidanganya kwamba ule ukuta ni ndugu yake aliyelala. Ila ukuta haukoromi.

Sasa chini ya jabali palikuwa na kidimbwi, maji pekee yaliyobaki kiangazi kile. Wanyama wakishakunywa, hawakuwa na la kufanya, maana majani yamekauka na jua ni kali. Basi wakacheza. Mchezo wao uliitwa Mtu Mwingine. Kila mmoja alikuwa mtu mwingine, wa nchi ya mbali isiyokuwapo. Kanga alikuwa mpiga mishale. Nungunungu alikuwa mchawi mwenye fimbo ya radi. Digidigi, mwoga yule hata wa kivuli chake, alikuwa muuaji wa majoka. Wakiingia mchezoni wanavuka milima ya moto, wanapigana na mazimwi, na hakuna anayenyanyuka alipoketi. Katikati yao waliweka matikiti pori waliyochuma huko nyikani, na mtu mwenye kisa kizuri ndiye aliyemegewa kwanza.

Mwendesha mchezo alikuwa Kobe. Naye alikuwa na desturi moja, haipindi: huingii duarani mpaka umtungie mtu wako asili yake. Anagonga gamba kwa jiwe, tu! tu! tu! halafu anauliza:

"Unatoka wapi? Ulimpoteza nani? Uliapa nini?"

Ukijibu yote matatu, Kobe anasema, "Ulichosema ndicho ulicho, mpaka mvua." Na kiapo ulichoapa unakishika kweli, mchezoni na nje ya mchezo. Ukikivunja, unatoka duarani.

Pimbi alikuwa akiwatazama kutoka juu. Anawaona wanacheka. Kicheko kinapanda mwamba, kikifika kwake kimeshapoa. Akasema moyoni, "Mimi sitaki tikiti. Nataka pa kukaa tu."

Akateremka. Nyufu, nyufu, nyufu. Akakuta njiani amekaa Nyani.

Nyani huyu alikuwa dume, kifua kama mlango, meno kama visu vya mchinjaji. Ana wake, ana watoto, ana shemeji hawahesabiki, na saa zote kuna mtu mgongoni kwake anamchambua chawa. Hakuwahi kutunga asili hata moja maishani mwake. Yeye alikuwa anazipora. Akisikia asili nzuri anasema, "Hiyo yangu!" na nani atakataa? Mpaka siku hiyo alikuwa mwana wa mfalme, na mpiga mishale, na mchawi, na muuaji wa majoka, yote kwa pamoja, na matikiti yote yalikuwa mbele ya mapaja yake. Kanga na wenzake walibaki kuwa wapagazi wake.

"We kibonge," Nyani akasema, "unakwenda wapi?"

"Kucheza, kaka mkubwa."

"Mkia huna, asili unayo?"

"Ninayo, kaka."

"Iseme tuisikie."

Pimbi akasema ya kwanza: mhunzi aliyefua upanga kwa moto wa nyota. Nyani akapiga kifua. "Hiyo yangu! Rudi juu." Pimbi akarudi juu. Jioni akaita, kwaaa, kwaaa. Kimya.

Kesho yake akateremka, nyufu, nyufu, nyufu. Akasema ya pili: nahodha wa jahazi linalopaa mawinguni. "Hiyo yangu! Rudi juu." Pimbi akarudi juu. Jioni akaita, kwaaa, kwaaa. Kimya.

Usingizi haukuja. Akajiuliza, "Mimi nina nini ambacho nikiporwa sitalia?" Akapekua moyo wake kama mtu anayepekua begi stendi. Upanga, hakuna. Jahazi, limechukuliwa. Chini kabisa akakuta kitu kimoja, tena kingi, kimejaa mpaka pembeni.

Akacheka peke yake. Akasema, "Basi nitampa hicho."

Asubuhi akateremka, nyufu, nyufu, nyufu. Safari hii hakungoja kuulizwa na Nyani. Alisimama ukingoni mwa duara akapaza sauti, "Mzee Kobe, naomba uniulize!"

Tu! tu! tu! "Unatoka wapi?"

"Natoka kwenye mwamba ambao ulikuwa na joto la watu, sasa una joto la jua tu."

Kanga akaacha kudonoa.

"Ulimpoteza nani?"

"Wote. Nilichelewa kidogo tu, mzee wangu. Nilikuwa nakula. Sijui kama walinitafuta. Sijui kama walihesabiana wakaona pengo, au walisema tumetimia, twendeni. Kila jioni naita. Ninajua sauti yangu inafika mbali, kwa sababu nasikia inavyorudi."

Digidigi akaanza kulia. Nungunungu akajifanya ameingiwa na mchanga jichoni. Na Kanga, mama wa watu, akachukua kipande cha tikiti kilichomponyoka Nyani akakisogeza miguuni kwa Pimbi.

Nyani aliona kile kipande. Alikiona kinaondoka. Akaruka, gubu!

"Hiyo yangu! Asili hiyo yangu! Mimi ndiye niliyeachwa! Mimi ndiye ninayeita jioni! Lete tikiti!"

Huku nyuma yake wake zake wamejipanga foleni, na mtoto wake mmoja ananing'inia sikioni.

"Ngoja," akasema Kobe. "Hajamaliza. Bado kiapo."

"Nachukua na kiapo chake!"

"Sikiliza kwanza, bwana."

"Nimeshasema! Nyani hasemi mara mbili!"

Kobe akamgeukia Pimbi. "Haya. Uliapa nini?"

Pimbi akainamisha kichwa. "Niliapa nitaishi nilivyoachwa. Kukaa, peke yangu. Kula, peke yangu. Kulala, peke yangu nyuma ya jabali. Na mgongo wangu hautaguswa na mkono wa mtu, kuuchambua chawa wala kuupapasa, mpaka mvua."

Tu! tu! tu! "Nyani, ulichosema ndicho ulicho. Na kwa kuwa aliyeachwa na wote hawezi kuwa tena mwana wa mfalme mwenye wapagazi, zile nyingine rudisha kwa wenyewe. Nyuma ya jabali ni kule."

Nyani akacheka. "Kukaa peke yangu tu? Huo ndio ushujaa wenyewe?" Akachukua tikiti moja kwapani, akaenda nyuma ya jabali akitembea kama mtu anayepigiwa tarumbeta.

Mchana wa kwanza, alikula tikiti akalala. Jioni mgongo ukamwasha. Kwaru, kwaru. Mkono haukufika. Akajisugua kwenye jiwe, kwaru, kwaru, kwaru. Jiwe si mke. Huku ng'ambo anasikia wake zake wanachambuana, wanapiga umbea, wanacheka. Akatega sikio asikie kama jina lake linatajwa. Halikutajwa.

Kesho yake akaanza kuzungumza na tikiti. "Shemeji, habari za asubuhi?" Tikiti kimya. "Mbona umenuna?" Tikiti kimya. Akaikunja ngumi, akalipasua, pwaa! Akabaki hana hata wa kugombana naye.

Jua lilipozama akatoka mbio, analia, machozi na makamasi. "Nikuneni! Yeyote! Hapo katikati! Juu kidogo! Chini kidogo! Hapo hapo!" Wake zake wakamrukia wote, chwa-chwa-chwa, na Kobe akasema, "Kiapo kimevunjika. Umetoka." Nyani hata hakusikia. Alikuwa amefumba macho.

Basi nafasi ikawepo duarani. Pimbi akakaa. Kushoto kwake Kanga, kulia kwake Nungunungu, wa kukaa naye kwa tahadhari. Tu! tu! tu!

"Unatoka wapi?" Kobe akauliza, maana asili ile ya kuachwa ilikwisha kutolewa, na kilichotolewa hakitumiki tena.

Wote wakasogea karibu. Walijua huyu ni fundi. Walingoja majoka.

Pimbi akafikiri sana. "Natoka hapo karibu," akasema. "Kuna nyumba ya mlango mdogo. Ndani tumejaa. Mtu akigeuka, wote tunageuka."

"Ulimpoteza nani?"

"Sijampoteza mtu."

"Uliapa nini?"

"Niliapa kwamba nikiitwa jioni, naitika."

Nungunungu akakohoa. "Ndugu yangu, hiyo umezidisha. Joka la vichwa saba naliamini. Lakini hiyo?"

"Mchezo ni mchezo," akasema Kobe. "Ulichosema ndicho ulicho, mpaka mvua." Akawatazama wote kwa zamu. "Sasa aitwe na nani?"

Kanga akajikung'uta vumbi. "Mimi wangu siwajui idadi. Mmoja akizidi sitamwona."

Na kweli. Kila jioni Kanga alikusanya vifaranga wake, akaita jina moja moja, na mwisho akanyanyua shingo: "Pimbi weee! Nyumbani!" Na Pimbi, popote alipo, hata tikiti limo mdomoni, "Abeee!" Anakwenda mbio, nyufu-nyufu-nyufu, analala kwenye manyoya kati ya vifaranga, na akigeuka mmoja wote wanageuka.

Kisha mvua ikaja. Kwanza tone, tap. Kisha tone, tap, tap. Kisha shaaa! Wanyama wakashangilia, wakakumbatiana, wakatawanyika kila mtu kwenye majani yake. Mchezo umekwisha. Kanga naye alivuka bonde na watoto wake. Hakuwa mbaya, jamani. Ilisemwa mpaka mvua, na mvua imenyesha.

Pimbi akapanda jabali lake. Mwamba umelowa, una baridi. Jua likawa linazama. Akakaa. Akajiambia, "Leo siiti." Akakaa tena. Akaita.

"Kwaaa! Kwaaa! Kwa-kwa-kwaaa!"

Akanyamaza, akasikiliza. Kimya.

"Kwaaa! Kwaaa! Kwa-kwa-kwaaa!"

Kimya. Halafu kutoka kwenye miti ya huko bondeni, sauti nene, ya mtu aliyeamshwa:

"We Pimbi! Nyamaza huko, watu tunalala!"

Pimbi akaganda. Masikio yakasimama. Akavuta pumzi, akaitika kwa sauti yake yote:

"Abeee, kaka!"

Akaingia kwenye ufa wake, akalala fofofo. Kesho yake jioni akaita tena, na Nyani akamtukana tena, na hivyo ndivyo walivyo hadi leo. Ukipita karibu na majabali wakati wa magharibi utawasikia.

Ngano imevaa viatu, imeaga. Mlango?

— Tumeufunga!

Funguo?

— Tumezilalia!

Vema. Sasa funzo, maana ngano bila funzo watoto hawaendi kulala. Funzo ni hili: mtu akae peke yake, ndiyo raha. Tikiti lake halimegwi, usingizi wake hauingiliwi, hakuna wa kumuuliza anatoka wapi. Mimi mwenyewe nimeishi hivyo miaka yote hii na mnaniona nilivyonawiri. Basi nipeni begi langu, wenyewe, niwahi basi la...

— Shekue, acha uongo. Kanawe mikono, wali unapoa.