Paka Pamba na Aliyeko Shimoni

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Palikuwa na shimo."
"Lifunikeni!"
"Palikuwa na paka."
"Mwacheni apite!"

Haya, apite. Paka huyo aliitwa Pamba. Mweupe, mdogo, paka wa ndani. Hajakanyaga njia, hajanyeshewa mvua. Alikula ndani, akalala ndani, akajisaidia ndani, kwenye sinia la mchanga pembeni mwa jiko. Na sinia hilo ndilo lililoleta maneno.

"Wifi, nyumba yako inanuka," alisema Mize, akiziba pua kwa upindo wa kanga.

"Nitamfundisha choo," akajibu Bi Arafa, mwenye nyumba.

"Choo! Paka achutame kama mtu? Na kutawadha utamfundisha?"

"Cheka, wifi, cheka. Akijua choo, atakaa. Asipojua, namtupa jalalani kwa mashume."

Pamba alisikia. Huko jalalani mashume, paka wakali wasio na kwao, walikuwa na masikio yaliyochanika, na paka wa ndani hakuwahi kulala huko akaamka.

Choo cha nyumba ile kilikuwa cha shimo, shimo refu la kale, lililochimbwa na watu waliokwisha kusahaulika. Bi Arafa akalisogeza sinia hadi mlangoni mwa choo. Pamba akajisaidia, akapewa kichwa cha samaki. Akalisogeza hadi ndani. Pamba akajisaidia, akapewa kichwa cha samaki. Mwisho akaliondoa sinia, akaweka ubao juu ya tundu na mchanga juu ya ubao.

"Sikiliza, mwanangu," alimwambia, wakiwa bado nje ya mlango. "Humo hatusemi. Mtu akibisha hodi, aliye ndani hukohoa tu. Khm! Basi. Jogoo wa jirani aliingia humo akawika. Tuliokota manyoya."

Lakini paka ni paka. Adhuhuri, jua likiwa la utosi na nyumba nzima kimya, Pamba alipanda juu ya ubao akasahau.

"Nyau."

Chini ya ubao kitu kikavuta pumzi. Hhhuuu.

"Nimekusikia," kikanong'ona.

Pamba akachungulia kwenye ufa. Akaona jicho, jeupe kama yai lililomenywa. Lilikuwa zimwi.

"Humu asemaye huliwa na aliye chini yake," likanong'ona zimwi. "Ubao ukiondoka, wewe ni wangu."

Pamba akafungua kinywa alie. Hakikutoka kitu. Ila kule chini, gizani, kwa sauti yake yeye mwenyewe, kitu kikalia: nyau... nyau...

Ikawa hivyo kila adhuhuri. Pamba akipanda ubao, jicho linapanda. Pamba akishuka, jicho linashuka. Na Bi Arafa, alipoona somo linakwenda vizuri, akatangaza: "Kesho naondoa ubao, na nitabisha hodi kuuliza kama nilete samaki."

Pamba akawaza. Akikataa, jalala. Akikubali, shimo. Nguvu hakuwa nazo, alikuwa na masikio tu. Na masikio hayo yalikuwa yametambua jambo: zimwi lile, pamoja na ukubwa wake wote, halikupaza sauti hata mara moja. Lilinong'ona tu.

Akainamia ufa. Sauti ilikwisha kuchukuliwa, lakini mnong'ono ulikuwa umembakia.

"Bwana mkubwa, mbona unanong'ona? Chini yako kuna nani?"

Jicho likafumba. "Hakuna mtu."

"Kumbe unamwogopa hakuna-mtu?"

"Nyamaza, kitoweo!"

"Nanyamaza. Lakini mimi kitoweo gani? Mifupa na manyoya. Jikoni Bi Arafa ana kikaango kizima cha samaki changu. Kesho atasimama mlangoni aulize, 'Nilete?' Ukimwitikia, analeta. Tabu ni moja tu, masikio yake mazito. Mnong'ono haupati."

"Kikaango kizima?"

"Kinachuruzika mafuta, bwana."

Zimwi likameza mate. Gudu!

Kesho yake ubao ukaondoka. Pamba akachutama ukingoni, baridi ya shimo ikimpanda tumboni. Zimwi nalo likapanda. Vidole virefu vikashika ukingo upande huu, vikashika ukingo upande ule. Mdomo ukafunguka chini ya mkia wake. Papo hapo kutoka jikoni, chwaaa! Harufu ya samaki ikajaa choo kizima, na nyayo zikaja mlangoni.

"Hodi! Pamba, mwanangu, nilete?"

Pamba kimya. Zimwi likamtazama paka, likautazama mlango. Paka ni tonge moja.

"Lete," likanong'ona.

Huko nje hakuna aliyesikia.

"Wifi, paka wako hajui lolote," alisema Mize. "Nipe mimi hao samaki."

"Haya basi, chukua..."

"LETEEE!"

Kuta zikatetemeka. Kisha kimya. Hata nzi walitua. Na chini, chini kabisa, chini ya zimwi, chini ya maji, sauti ya upole, kama ya bibi anayembembeleza mjukuu, ikasema:

"Nimekusikia."

Vidole vikaachia ukingo, kimoja kimoja. Zimwi halikupiga kelele, halikuwa tena na sauti ya kupigia. Likashuka, likashuka, likashuka.

Chubwi.

Kwa hofu, Pamba akajisaidia pale pale, katikati ya tundu, bila kukosea.

Mlango ukafunguka. "Nani kasema lete?" akauliza Bi Arafa.

Pamba akamtazama. "Khm," akakohoa.

Bi Arafa akapiga kigelegele. "Wifi Mize! Njoo uone! Choo anakijua, na adabu anayo!"

Basi Pamba akala changu, akakaa nyumbani mwake mpaka uzeeni. Hakulia tena. Adhuhuri nyingine, nyumba ikiwa kimya, shimo humwita kwa sauti ya zamani ya Pamba mwenyewe, nyau, nyau, taratibu, kama mtu asiye na haraka. Pamba hujilamba ukucha, humaliza haja yake, huondoka.

Enyi mnaosikiliza, wajukuu zangu, funzo ni hili, nawaambia kwa upole: mtoto mwema akiitwa huitika. Huitika upesi, kwa sauti kubwa, popote alipo.

Hadithi yangu nimeifunika. Atakaye kuifunua, aifunue mwenyewe, mimi simo.