Mguu Uliolala

Usiku wa manane nilisikia mluzi ndani ya nyumba. Mwembamba, unakuja na kukatika, nikadhani ni upepo kwenye tundu la dirisha, nikainuka kuziba kwa kitambaa, mluzi ukaendelea, nikageuka, kumbe unatoka kifuani kwa mwanangu Tuntufye. Jioni alikuwa anacheka na karanga mdomoni. Kwenye zahanati nesi Ezelina alimsikiliza kifua, upande huu, upande ule, akarudia tena, akasema karanga imepita njia ya hewa, pafu la kulia halipati kitu, la kushoto ndilo linambeba peke yake. Daktari wa kuitoa yuko mjini. Na barabara ya mjini mvua ilikuwa imeikata. Nesi akapiga simu, na alfajiri tukaletewa mtu ninayetaka kuwaeleza habari zake, kina mama wenzangu, maana tangu siku ile nikiziwaza nyumba zetu namwaza yeye.

Mtu huyo alikuwa na ndege. Injini mbili, kila bawa na yake, mabawa yenyewe mafupi, mbio zake hazifananishwi na ndege nyingine yoyote inayotua kwenye uwanja wetu wa majani. Waliopanda kabla yangu walisema ni ndege isiyomvumilia mtu. Ukiiheshimu inakufikisha uji wako ukiwa bado wa moto, ukiidharau mara moja haikupi mara ya pili. Yeye alikuwa ameota mvi ndani ya kile chumba kidogo cha mbele, na bado kila asubuhi aliiogopa kidogo kabla ya kuiwasha. Hakuona haya kulisema.

Nesi alimlaza mtoto nyuma, akamwekea hewa ya mtungi. Mimi nikataka kubanana nao hapohapo sakafuni. Rubani akanishika kiwiko.

"Mama Tuntufye, wewe unakaa mbele na mimi."

"Mtoto yuko nyuma, Kapteni."

"Mtoto ana nesi. Mimi sina mtu."

Nikakaa mbele huku shingo yangu imebaki nyuma. Akapandisha suruali kidogo akanionyesha soksi zake, nyeupe pee, akasema mke wake anamcheka kila siku, eti baba mzima anavaa kama mtoto wa kipaimara. Lakini amezivaa kwa ajili ya anayekaa kiti kile, ili miguu yake ionekane. Akanieleza taratibu, kama mtu mwenye siku nzima, na mimi moyo unanipanda. Injini moja ikifa huko juu, ndege inageukia upande wa ile iliyokufa. Yeye atakanyaga kwa nguvu upande wa pili kuinyoosha. Kwa hiyo mguu mmoja utafanya kazi na mwingine utalala, na mguu uliolala ndio upande wa injini iliyokufa. Inabidi aizime kabisa, maana pangaboi la injini iliyokufa likiachwa lizunguke bure linaiburuta ndege kama nanga. Hapa katikati kuna vishikio viwili vya kuzimia injini, cha kushoto na cha kulia. Akishika kimoja, atakishika tu, hatakivuta, mpaka wa kiti hiki atazame miguu aseme.

"Mimi? Kapteni, mimi nimeishia kidato cha nne."

"Askofu ameshaitazama hii miguu. Na yeye hakuisomea."

Nesi akacheka kule nyuma. Mimi sikucheka, nilikuwa nahesabu pumzi za mwanangu, nikawa nasema ndiyo, ndiyo, twende.

Tukaruka jua linachomoza, liko upande wangu wa kulia, jekundu. Miti ilikuwa bado karibu, naweza kuona viota. Ndipo ukasikika mshindo, si mkubwa, kama mlango uliobamizwa na upepo, na pua ya ndege ikageuka kama ng'ombe aliyevutwa kamba. Nikageuka nyuma. Mama gani asingegeuka? Tuntufye alikuwa amefumbua macho, ananitafuta. Na nesi Ezelina, mtu mwema, mtu aliyekesha na mtoto wangu, alikuwa anaangalia dirisha la kushoto na anapiga kelele.

"Moto! Kapteni, kushoto kunawaka! Zima! Zima ya kushoto!"

Na kweli, ile ya kushoto ilikuwa nyekundu yote. Mimi mwenyewe niliiona. Mkono wa rubani ukaruka ukakishika kishikio cha kushoto. Ukakikamata. Ukasimama.

Ndege inazama, nesi anasema zima, mimi nasema Yesu, na mtu yule mkono wake umekauka pale kwenye kishikio, hakunitazama, macho yake yako mbele, akasema kwa sauti ya kawaida:

"Mama, mguu gani umelala?"

Kumwondolea macho mtoto anayekutafuta, hata kwa kitambo cha kumeza mate, naomba Mungu asinirudishie jaribu hilo. Lakini niliona kwamba nikiendelea kumtazama yeye nitamuua. Nikageuka mbele nikatazama chini. Soksi ya kushoto ilikuwa mbali, mguu umenyooka, unatetemeka kwa kukanyaga. Soksi ya kulia ilikuwa imetulia tu, kama mguu wa mtu anayesubiri chai.

"Wa kulia! Baba, wa kulia ndio umelala!"

Mkono ukaachia cha kushoto. Ukahamia cha kulia, ukashika, akainamisha kichwa akaitazama miguu yake na yeye, ndipo akavuta. Nje, upande wangu, pangaboi likasimama likalala na upepo, na ndege ikaacha kuvutana naye.

Kushoto hakukuwa na moto. Lilikuwa jua la asubuhi kutoka upande wangu, limeipaka ubavu injini iliyotubeba.

Nilitamani ainue pua twende juu, tukimbie miti, yeye akaishusha. Nikafumba macho. Baadaye aliniambia ndege ile ikiumia na ukaivuta juu kwa hofu inaanguka, kwanza uiachie ipate mbio, halafu juu itakwenda yenyewe. Ikaenda. Kidogokidogo, kama mgonjwa anayepanda ngazi, lakini ikaenda, na viota vikawa vidogo, na miti ikawa majani tu, na nikaanza kusikia tena mluzi wa kile kifua kule nyuma nikaushukuru, maana ulikuwa unaendelea.

Mjini daktari aliitoa karanga kabla ya mchana. Nusu karanga. Tuntufye akatoka analia kwa sauti yake yote, mapafu mawili, wodi nzima inageuka, nesi Ezelina akaanza kucheka na kulia pamoja, akasema, "Kapteni, nusura niwazike," yule mzee akamjibu, "Ulisema ulichokiona, binti yangu. Mimi ndiye niliyeshika." Nilikaa sakafuni na mtoto mapajani, na sijawahi kukaa mahali pazuri kama ile sakafu.

Sasa sikilizeni. Miguu yake ilijua kabla ya kichwa chake. Ilikuwa imeshakanyaga panapostahili, kimya, wakati mkono unatii kelele. Na ni mtu hodari, si mwanafunzi. Uhodari wake haukumzuia kushika kishikio cha injini iliyokuwa inatubeba, ulimzuia kukivuta peke yake. Ndani ya nyumba ni hivyohivyo. Shida ikigonga tunatafuta wa kumzima, na mara nyingi anayeonekana anawaka ni yule aliyebaki anavuta mzigo wote, mwanga wa shida umempiga ubavuni. Na wanaotupigia kelele si wabaya, wanatupenda, wameona wekundu kweli.

Basi nakuuliza wewe unayesoma: hofu ikiingia kwako, mkono wako unakimbilia kumzima nani, na umemweka nani karibu wa kukuambia mguu upi umelala?

Watu wananiuliza rubani yule ni nani. Nilimwomba ruhusa ya kuieleza habari hii, akanipa, jina lake akanikataza kulitaja. Akasema, "Ukiwapa jina watanijadili mimi, watasahau kujitazama wao." Nikamwahidi. Mume wangu peke yake ndiye niliyemtajia, kwa kuwa alikwenda kumshika mkono. Zaidi ya huyo, hata mnibembeleze vipi, sitamwambia mtu mwingine.