Neno la Mwisho juu ya Kumbusha

Kaeni vizuri niwape kisa. Hukumu mtatoa nyinyi.

Walikuwepo watu watatu. Shekue wa Muheza alijaliwa kuandika programu za kompyuta. Zamaradi, muuguzi wa Korogwe, alijaliwa sikio: wagonjwa walimwambia wasiyowaambia ndugu zao. Hemedi, karani wa zahanati moja ya Pangani, alijaliwa moyo mpana. Tusi lilimteleza kama maji juu ya jani la mgomba.

Shekue aliandika programu iitwayo Kumbusha, iliyowatumia wagonjwa ujumbe wa simu wasisahau dawa. Hakuiuza. Aliiacha huria: kila mtu aitumie, aisome ilivyoandikwa, hata airekebishe akitaka. Zahanati nyingi zikaichukua.

Siku moja Zamaradi akamwandikia kwamba mgonjwa wake amefukuzwa na mumewe. Mama mkwe alishika simu, akasoma: "Usisahau dawa zako za kufubaza virusi vya UKIMWI." Zamaradi akaomba jina la dawa liondolewe. Shekue akaliondoa papo hapo, kwa zahanati zote, bila kumwarifu mtu. Tangu hapo ujumbe ukasema tu, "Usisahau leo."

Kule Pangani, mzee mmoja alidhani ujumbe huo ni wa matapeli wa simu. Akawa anaufuta. Dawa zikalala kabatini, mpaka akabebwa hospitali hajitambui.

Basi wahudumu wa zahanati zilizoitumia wakafurika kwenye ukurasa wa Kumbusha mtandaoni. Wenye hoja walikuwepo, ila walizama katika uvundo. Shekue aliitwa muuaji. Zamaradi, ilipojulikana kwamba ndiye aliyeomba, alitukaniwa mama yake, naye ni marehemu. Daktari mmoja, kwa jina lake kamili, akabandika picha ya kinyesi na kuandika chini yake, "Hii ndiyo kazi yenu." Ni watu waliopewa bure, na asante hawakuwahi kuisema. Shekue alisoma. Akasukuma sahani ya chakula, akafunga kompyuta.

Hemedi hakufunga. Alisoma yote, kama mtu anayechambua mchele uliochanganyika na mavi ya panya, akiokota punje zilizo nzima. Kisha akamwandikia Shekue: "Chini ya uchafu huu kuna mambo mawili ya kweli. Mgonjwa mwenyewe aulizwe anataka ujumbe upi. Na sisi tuambiwe kabla ya mabadiliko, si baada."

Shekue akarudi, akaiandika upya hivyo. Zamaradi akawauliza wagonjwa wake faraghani, ikaonekana inafaa. Mzee akapona. Yule mwanamke hakurudishwa kwake.

Matusi yakakoma. Aliyeomba radhi hakuna.

Ikaamuliwa awepo mmoja mwenye neno la mwisho kila Kumbusha inapobadilishwa. Wa kwanza kupendekeza alikuwa daktari yuleyule wa picha. Alimtaja Hemedi, eti ndiye anayewasikiliza.

Zamaradi akakunja uso. "Mimi nimewasemea wasioandika kwenye ukurasa ule," alisema. "Mkimpa anayewasikia wenye kelele, hao wengine watasikiwa na nani?"

Hemedi akajibu kwamba asingetia mkono katika uchafu ule, Kumbusha ingekuwa imekufa, na mgonjwa asingepata ujumbe wowote.

Shekue akasema pasipo yeye hakuna cha kugombea. Ila alikiri kwamba ule uvundo haujamtoka puani, na kila lalamiko jipya linamtia kinyaa kabla hajalisoma.

Haya, mmewasikia. Yupo aliyeandika, yupo aliyewasikia wanyonge, yupo aliyechambua matusi. Neno la mwisho mngempa nani? Na akiamua kinyume na mtakavyo, mngemwambiaje?