Upepo wa Mtu wa Nyuma

Ndugu zangu, palikuwa na watu wanne waliopenda baiskeli kuliko walivyoweza kuziendesha. Walikaa Singida, mji wa mawe na alizeti, na wenyewe mnajua Singida kuna nini kingine. Kuna upepo. Upepo wa kule haupigi hodi. Unakukuta barabarani, unakushika kifuani kama askari, unakuuliza unakwenda wapi.

Wa kwanza alikuwa mama mwenye duka la rangi, mwanamke wa mabega mapana. Yeye ndiye aliyewakusanya wenzake, maana enzi za usichana wake aliwahi kushindana. Wa pili alikuwa seremala, mwenye nguvu na mdomo. Wa tatu alikuwa muuguzi, msichana aliyeanza kazi juzijuzi. Wa nne alikuwa mzee mstaafu wa reli, mtu mkimya, na baiskeli yake ya zamani ilisuguliwa ikang'aa kama sufuria ya harusi.

Habari hii ni ya yule muuguzi. Alikuwa mtu wa uangalifu. Wodini alihesabu matone ya dripu, akaondoka, akarudi kuyahesabu tena. Nyumbani alifunga mlango, akafika barabarani, akarudi kuusukuma aone kama umefungika kweli. Mtu wa namna hiyo akipanda baiskeli, mnadhani moyo wake unapumzika?

Basi mama wa rangi akawafundisha. Baiskeli nne zinakwenda kwa mstari mmoja, gurudumu nyuma ya gurudumu. Aliye mbele anaupasua upepo kwa kifua chake, na wanaomfuata wanapita katika utulivu anaouacha, kama vifaranga nyuma ya mama yao. Yeye na seremala wangepokezana kukaa mbele, kwa kuwa walikuwa na nguvu. Muuguzi angekaa wa tatu, na mzee angefunga mstari. Lakini utulivu ule ni mfupi. Ukikaa shubiri moja nyuma ya mwenzako, unaupata. Ukiacha mwanya, upepo umeshaingia, umeketi.

"Sogea, binti," mama wa rangi alimwambia. "Shubiri moja. Gurudumu la mwenzio haling'ati."

Likamng'ata. Jumamosi ya pili tu aliligusa gurudumu la seremala, akaenda chini, akachunika kiwiko. Alilisafisha jeraha mwenyewe, kwa utaratibu wote wa kazini. Tangu siku hiyo, kila alipokaribia gurudumu la mbele, vidole vyake vilikwenda kwenye breki vyenyewe. Anabana kidogo, mwanya unafunguka. Akiona mwanya umekuwa mkubwa, anakanyaga kwa nguvu zote mpaka aufunge. Akifika karibu, hofu tena, breki tena. Hivyo hivyo, kutoka mjini mpaka mwisho wa mashamba ya alizeti, na kurudi. Alichoka, ndiyo, lakini alikuwa kijana. Alikunywa maji, akakaa kitako kidogo, uchovu ukaisha.

Na moyoni alijiambia maneno ambayo nawaomba myashike, maana tutayarudia: "Hofu yangu ni yangu. Nikichoka, nachoka mwenyewe. Simsumbui mtu."

Aliyelisumbua kundi alikuwa mzee. Hivyo ndivyo walivyoona wote. Kila Jumamosi alianza vizuri, na kila Jumamosi, wakifika kwenye ule uwanda wa alizeti ambako hakuna mti wala nyumba ya kuuzuia upepo, alibaki. Wenzake wanasimama, wanamsubiri. Anakuja uso umekuwa wa kijivu, anashuka, anaiegemea baiskeli yake kama mtu anayeiomba radhi.

"Mzee, leo umekula nini?" seremala alimtania.

"Upepo."

"Sote tumekula upepo."

"Mimi nimeongezewa sahani ya pili."

Wakacheka. Muuguzi hakucheka. Alimwonea mzee huruma, na huruma yake haikuwa ya mdomoni. Alimletea glukosi kwenye chupa. Alimpima presha, akakuta ni nzuri, akampima tena kwa sababu hakuamini. Alimwuliza habari za usingizi, za chumvi, za maumivu ya kifua. Mzee alijibu kila swali kwa adabu, kisha akauliza lake.

"Na kiwiko chako, binti, kimepona?"

Yakaja mashindano ya makundi. Katika mashindano hayo muda wa kundi hauchukuliwi kwa mtu wa kwanza kufika. Unachukuliwa kwa gurudumu la mtu wa mwisho. Na muda uliowekwa ukiisha, mwamuzi anavuta kamba kukata barabara. Kundi ambalo mtu wake wa mwisho hajapita kamba, halipati nafasi kwenye mashindano makubwa ya Dodoma.

Jioni ya kuamkia siku hiyo, mzee alipokwisha kwenda zake, seremala alisema waziwazi. "Kesho tukishindwa, tutafute kijana. Mimi nampenda mzee. Lakini kamba haina mapenzi."

Mama wa rangi hakupenda maneno hayo. Akamgeukia muuguzi. "Wewe unayejua mambo ya afya, unasemaje?"

Muuguzi aliinamisha kichwa. "Labda apumzike," akasema. "Kwa faida yake mwenyewe." Na machozi yalikuwa karibu kumtoka.

Asubuhi wakaondoka. Walikwenda vizuri mpaka kwenye uwanda, na pale upepo ukawapokea. Muuguzi akabana breki, akaachwa, akakanyaga, akafika, akabana tena. Alipogeuza jicho nyuma, mzee hakuwepo.

"Mzee amebaki!" akapiga kelele.

Wakapunguza mwendo. Wangefanya nini? Kufika bila yeye ni sawa na kutofika. Mzee akaja, kijivu kama jivu la jana, mdomo wazi. Mama wa rangi akatazama saa yake, akakata shauri upesi.

"Muuguzi, leo wewe kaa nyuma yake. Umwangalie kwa macho ya kazi yako. Ukiona anayumba, piga kelele tusimame."

Basi mzee akasogea mbele, nyuma ya seremala, na muuguzi akawa wa mwisho. Wakaondoka tena.

Alimwangalia kama anavyomwangalia mgonjwa aliyetoka chumba cha upasuaji. Aliangalia rangi ya masikio. Aliangalia mabega, kama yanapanda na kushuka. Aliyatega masikio yake kwenye pumzi. Alingoja aone mzee anaanza kushindwa, ili apige kelele kwa wakati.

Mzee hakushindwa. Alikaa shubiri moja nyuma ya seremala, akatulia. Seremala, pamoja na mdomo wake wote, hakuwa mtu wa breki. Alikwenda kama maji ya mfereji. Na mzee nyuma yake, shingo ikarudia rangi yake. Pumzi ikashuka. Miguu ikazunguka polepole, sawasawa, kama cherehani ya fundi asiyekimbizwa na mteja.

Upepo ulikuwa uleule. Barabara ilikuwa ileile. Miguu ilikuwa ileile ya mzee wa jana. Sasa niambieni, ndugu zangu, kilichobadilika ni nini?

Kitu kimoja tu kilikuwa kimeondolewa mbele yake.

Muuguzi alilielewa jambo hilo mikononi kabla ya kulielewa kichwani, maana mikono ilimpoa. Jumamosi zote zile, kila alipobana breki, mzee nyuma yake alibana. Kila alipoukimbilia mwanya, mzee aliukimbilia pia, kwa miguu ya mzee, upepo ukiwa usoni. Miezi yote ile alimtafutia mzee dawa ya ugonjwa, na ugonjwa ulikuwa ukitoka kwake.

Aibu ikamshika. Na akiwa katika aibu hiyo, vidole vikaenda kwenye breki kama kawaida, mwanya ukafunguka, upepo ukaingia. Lakini sasa nyuma yake hapakuwa na mtu. Yeye ndiye gurudumu la mwisho. Kamba ilikuwa ikimngoja yeye. Akakanyaga, akafika, akabana, akaachwa, na kwa mara ya kwanza miguu yake ya kijana ikamwambia haina zaidi.

Mzee hakugeuka. Mtu aliye katika mstari hageuki. Lakini masikio yake yalikuwa yameizoea sauti ya breki zile.

"Binti," akasema, "usilitazame gurudumu langu. Nitazame mgongo."

"Nitakugonga, mzee."

"Nimekuweza ukiwa mbele yangu. Ukiwa nyuma utanishinda?"

Alikuwa anajua! Muuguzi hakuwa na nafasi ya kulitafakari hilo. Aliinua vidole kutoka kwenye breki, akavikunja juu ya usukani. Akautazama ule mgongo, shati lililofifia, doa la jasho katikati. Akasogea. Akasogea tena. Na ghafla upepo ukanyamaza, hata akausikia mnyororo wa baiskeli yake mwenyewe, sauti ambayo hajawahi kuisikia kwenye uwanda ule.

Walipofika, mwamuzi alikuwa ameshaikunjua kamba. Gurudumu la nyuma la muuguzi lilipita, na kamba ikakazwa nyuma yake.

Seremala alitupa baiskeli chini, akaja akicheka. "Muuguzi, mzee amefufuka! Umempa nini? Nigawie na mimi nitie kwenye chai."

Chupa ya glukosi ilikuwa palepale, kwenye baiskeli ya mzee. Muuguzi angeinyooshea kidole tu. Wote wangeamini, wote wangemsifu, na mzee, kwa jinsi alivyokuwa, asingesema neno.

"Sikumpa kitu," muuguzi akasema. "Nilitoka mbele yake."

Seremala hakuelewa. Muuguzi akamweleza, kwa sauti ndogo, habari za breki, tangu ile Jumamosi ya kiwiko. Alipomaliza, seremala alimgeukia mzee.

"Ulijua?"

"Nimefanya kazi kwenye behewa la mwisho miaka mingi. Najua mshtuko unaanzia wapi."

"Na umekaa kimya? Mzee, sisi tulikuwa tunataka kukutoa."

"Alikuwa ameshaanguka. Mwenye hofu ukimwambia anaogopa, umemwongezea mzigo wa pili."

Mama wa rangi, aliyezoea kumaliza mambo, akapiga makofi. "Haya, yamekwisha. Kuanzia Jumamosi muuguzi anakaa mwisho."

"Hapana," mzee akasema. "Arudi mbele yangu."

"Akubanie breki tena?"

"Atabana mara moja moja. Lakini akikaa mwisho hatamuumiza mtu, wala hatajifunza kitu. Arudi palepale mbele yangu. Sasa anajua kwamba nipo."

Ndugu zangu, huenda mzee alikosea kunyamaza muda wote ule. Moyo wake ungeweza kusimama barabarani, na mwenzake asijue kwa nini. Hilo kila mmoja alipime. Lakini neno lake la mwisho ni la kwetu.

Sisi tulioketi hapa ni watu wa kujitunza. Tukiwa na hofu, tunabana breki, na tunasema mambo yangu ni yangu, simsumbui mtu. Baba mambo yamemharibikia kazini, anarudi nyumbani kimya, na anaona anawakinga wanawe. Siku nyingine anacheka nao, kesho yake amenyamaza wiki nzima. Nyuma yake kuna mtoto. Mtoto anakimbilia kicheko, anagonga ukimya, anakimbilia tena. Kisha shuleni anaonekana amebaki. Sisi tunafanya nini? Tunamnunulia glukosi. Tunamtafutia mwalimu wa jioni. Tunaleta jina lake hapa, tunamwombea, na tunalia machozi ya kweli. Huruma yetu si ya uongo. Muuguzi naye hakuwa mwongo. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kuuliza: huyu dhaifu ninayemhurumia, mbele yake amekaa nani?

Na tukishajua, tuna kosa la pili, nalo linafanana na unyenyekevu. Tunakimbilia mwisho wa mstari. Tumemuumiza mtu kwenye kwaya, basi tunaacha kwaya. Tumemkwaza ndugu, basi hatufiki tena kwake, tunasema ni afadhali. Ni afadhali kwa nani? Aliyekusamehe hakukupeleka mwisho, mahali ambapo huwezi kumdhuru mtu. Amekurudisha palepale, mbele ya yuleyule uliyemchosha, ujifunze kuondoa vidole kwenye breki.

Sitawaomba mgeukiane mwambiane neno. Hilo tunalifanya kila wiki, na halitugharimu kitu. Nendeni tu nyumbani, kila mtu kwenye mstari wake. Mgongo ulio mbele yako umeshauzoea. Nyuma yako kuna mtu, anakanyaga, kifua wazi, wala hasemi. Yupo. Na sasa unajua.