Machela ya Mzee Asajile

Mtu mmoja wa Mbeya, jina lake Asajile, alikuwa na kiwanja kizuri mteremkoni, akaamua kujenga hapo ghorofa nne za nyumba za kuuza. Alimwita mchora ramani, akamwita fundi mkuu, akasimamisha bango la picha kando ya barabara, na watu wakaanza kuja kuchagua nyumba zao kwa kuitazama picha ile. Alipoletewa ramani, alihesabu vyumba akasema havitoshi. Akaagiza ngazi zibanwe ili kila ghorofa ipate chumba kimoja zaidi. Zikabanwa. Hakuna aliyembishia, kwa maana Asajile alikuwa na sauti kubwa, na aliyemletea neno asilolipenda hakulileta mara ya pili.

Kuta za ghorofa ya tatu zilipokwisha kusimama, ndipo alipomkumbuka msanifu wa ndani. Huyu alikuwa mwanamke aitwaye Tusekile, ambaye kazi yake ni kuipanga nyumba kwa ajili ya watakaoishi humo: mlango ufungukie wapi, jiko lipate mwanga kutoka wapi, mtu apite wapi na mzigo wake. Asajile alimwita asubuhi ile ile ya kumwaga zege la sakafu ya ghorofa ya nne. Mashine ya kuchanganyia ilikuwa inanguruma, vibarua wamejipanga, na mawingu yameshaukalia mlima Loleza.

“Nichagulie rangi na vigae, binti yangu,” alimwambia. “Hayo mengine yamekwisha.”

Tusekile hakuigusa rangi. Alipanda ngazi akashuka, akapanda tena akashuka, akipapasa ukuta pale ngazi zinapokata kona. Kisha akamwendea Asajile na kumwambia kwa adabu kwamba katika nyumba hii mgonjwa aliyelala hawezi kushushwa, na zege la juu likishamwagwa, tundu la ngazi halitapanuka tena.

Asajile alihisi damu ikimpanda kichwani. Vibarua walikuwa wanasikiliza. Kumtaja mgonjwa ndani ya nyumba ambayo haijaezekwa ni uchuro, na kusimamisha zege mvua ikiwa njiani ni wazimu. Huyu amefika leo, aliwaza, mimi nimeishi na nyumba hii mwaka mzima. Angeweza kumfukuza tu, lakini alitaka ashindwe mbele za watu. Akaagiza uletwe mlango mmoja wa mbao uliokuwa haujapachikwa ukutani, uwe machela, na vibarua wanne waubebe. Akavua koti, akalala juu yake yeye mwenyewe.

“Mimi ndiye mgonjwa,” akasema. “Nishusheni hadi chini, na mtu asiniinue wima.”

Walianza vizuri. Mtu aliyelala chali haoni aendako. Asajile aliona nondo na mbao zinazosubiri zege zikipita juu ya pua yake, na sura za vibarua zilizopinduka, zikitoka jasho. Walipofika konani mlango uligusa ukuta. Wakaurudisha nyuma, wakauinamisha kidogo, wakajaribu tena. Wa mbele walikuwa wameshashuka vidato vitatu. Wa nyuma hawakuweza kufuata wala kurudi, kwa sababu pembe ya mlango ilikuwa imejibana kwenye nguzo. Upande wa kushoto hapakuwa na kitu. Vyuma vya kushikilia vilikuwa havijawekwa bado. Mlango ukalalia upande huo, na Asajile akahisi kisigino chake kikiteleza nje ya mbao, kikaning'inia hewani. Chini yake palikuwa na uwazi mtupu mpaka kwenye lundo la kokoto. Kibarua mmoja akateleza kwenye mchanga, akajishikilia ukutani kwa bega. Asajile alitaka kupiga kelele, lakini sauti ile kubwa ilikataa kutoka.

Fundi mkuu, Nsubili, akapenya katikati ya vibarua, akamshika kwapani, akamvuta kurudi juu, kidogo kidogo, mpaka mgongo wake ukagusa sakafu. Mlango ulibaki pale, umekwama. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka.

Asajile aliketi pale chini. Akamtazama Nsubili, ambaye alikuwa amefanya naye kazi miaka kumi na mmoja. “Ulijua?”

“Nilijua tangu ghorofa ya kwanza, mzee,” fundi akajibu. “Lakini nyumba ni yako, na mimi nina watoto.”

Zege halikumwagwa siku ile. Mashine ilirudishwa kwa mwenyewe, na mvua ikanyeshea mifuko ya saruji iliyokwisha kufunguliwa. Ngazi zilivunjwa zikajengwa upya. Vile vyumba vya ziada vikafa, kimoja kwa kila ghorofa, na watu waliokuwa wamevichagua kwenye picha walikuja wakamtolea Asajile maneno makali, naye akayapokea amesimama. Wiki nzima hakumsemesha Tusekile, maana aibu ya mtu mzima haiponi upesi. Lakini mwaka uliofuata alipopata kiwanja kingine, aliwapeleka Tusekile na Nsubili kukitazama kingali na magugu, kabla hajamwita mchora ramani. Aliwauliza jinsi watu watakaokaa hapo watakavyoishi na mahali watakapopita. Kisha akanyamaza mpaka wote wawili wakamaliza kusema, na kazi hiyo ilimlemea kuliko kubeba zege.

Nawe unayejenga, iwe ni nyumba, iwe ni jamaa, iwe ni kanisa: ni nani aliye karibu nawe anayejua mahali utakapokwama, na amenyamaza kwa sababu anakuogopa?